Mwandishi mmoja kageuzwa watatu maktaba

Ndugu Mhariri, salamu. Juzi nimeenda maktaba moja ya mkoa kutafuta vitabu vya Shaaban Robert, kompyuta inasema viwili tu, nikamwomba mama wa kaunta anifungulie yale madroo ya kadi za zamani zinazoorodhesha vitabu. Kumbe! Vingine vipo kwenye S, vingine kwenye R, kimoja wameandika Shaban kwa a moja, yani mtu mmoja kawa watu watatu. Huu mtindo wa kutanguliza jina la mwisho kwetu unasumbua, maana mara nyingi hilo ni jina la baba, unajikuta unamtafuta mzee wa watu ambaye hajaandika hata ukurasa. Na dawa ipo siku nyingi tu: chagua jina moja, kadi zingine andika "tazama" fulani, basi. Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi Nairobi tangu 1966 inakusanya vitabu vya huku, ndo maana mi kwa simu namkuta mwandishi wetu kwenye katalogi yao (orodha ya vitabu) ya Washington haraka kuliko pale kaunta, inauma kidogo. Wahusika, zile kadi zimelainika kona kama noti chakavu lakini msizitupe kabla hamjarekebisha kompyuta.

Msomaji wenu, Morogoro