Risala ya Klabu ya Hali ya Hewa kwa Mgeni Rasmi, Mikindani, Mtwara

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha Mikindani, na tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kutusikiliza.

Klabu yetu ilizaliwa baada ya Kimbunga Kenneth cha Aprili 2019, kilichotutia hofu kabla ya kutua Cabo Delgado, ng'ambo ya Mto Ruvuma. Tulianza saba, leo tuko arobaini na mmoja. Tumeandika mvua ya kila siku bila kuruka hata sikukuu ya Idi, tumekuwa washindi wa pili katika maonesho ya sayansi ya kata, na wavuvi sasa hupita shuleni kutuuliza habari za anga, heshima ambayo klabu chache nchini zimeipata.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi letu ni moja: kipimamvua kipya. Katikati ya Bahari ya Hindi hakuna wa kusimamisha kipimamvua, hivyo mvua ya huko hupimwa na setilaiti. Setilaiti ya TRMM, iliyorushwa na Marekani na Japani mwaka 1997, ilifanya kazi hiyo katika tropiki hadi 2015. Sasa ipo GPM, iliyorushwa 2014 ikiwa na kihisi chenye chaneli 13 za maikrowevu, mawimbi yasiyoonekana kwa macho ambayo bahari, ardhi na mvua hutoa. Kwa kihisi hicho bahari, inayotoa mawimbi hayo kwa uhafifu, huonekana ya baridi na matone ya mvua huonekana ya joto, kwa hiyo mvua hujitokeza waziwazi. Nchi kavu yenyewe huonekana ya joto na kuyaficha matone, hata kihisi kikalazimika kukadiria mvua kwa barafu iliyo juu mawinguni. Pwani kama yetu, ambako bahari na nchi kavu huingia katika doa moja la kipimo, makadirio huwa magumu zaidi, na ndipo kipimamvua cha ardhini kinapohitajika.

Chetu kimechoka. Gilasi yake ilipasuka, tunatumia silinda ya kuazima maabara ya kemia, na ufa wa faneli tumeuziba kwa nta ya mshumaa. Kila saa 3 asubuhi tunapima maji ya saa 24 kwa pamoja, ilhali makadirio ya setilaiti hutolewa kwa kila nusu saa. Kimbunga Hidaya kilipokaribia Mei 2024 tulipata jumla ya maji, lakini saa mvua ilipozidi hatukuijua, wala wavuvi walipotuuliza hatukuwa na jibu.

Tunachoomba ni kipimamvua kinachojirekodi, chenye vikombe viwili vinavyopinduka kwa zamu kila kimoja kinapojaa, kikiandika saa yake. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alituahidi chombo hiki hadharani; tulimpigia makofi, tukachimba shimo, tukamwaga zege la kukisimamishia. Aliyemfuata mwaka jana alitueleza kuwa ahadi ile iko kwenye mchakato. Hatusemi haya kwa utovu wa adabu, Mheshimiwa, ila zege hilo lipo nyuma ya darasa la kidato cha pili, halijabeba kitu, na limeanza kupasuka.

Tunakuomba kabla hujaondoka upite ulione, kisha ututajie tarehe. Katibu wetu amekaa mstari wa mbele, na ukurasa wa leo ameuacha wazi.

Tunaomba kuwasilisha.