Kwa wazazi vijana wa ukoo wetu

Wanangu,

Sikukuu iliyopita mlipokuja Lushoto niliona jambo nikanyamaza, maana nyumba ilikuwa na wageni.

Mjukuu wangu wa miaka mitatu aliulizwa kama alikula kwa shangazi. Akajibu, "Sikukula." Mama yake akamkaripia: "Sema sikula!" Mtoto akamtazama, akarudia vilevile: "Sikukula." Mkacheka.

Mimi nilifurahi. Ni nani humu ndani aliyewahi kumtamkia neno hilo? Amesikia sikulala, sikupika, sikuona, amesikia pia kula, akaunga mwenyewe. Kasuku hawezi hilo. Kichwa chake kimeshachonga kanuni, naye anaifuata kwa uaminifu kuliko sisi tunaosema nilikula kisha sikula. (Nimefundisha Kiswahili miaka mingi, na bado sijaulizwa na mwanafunzi ile ku ya pili imekwenda wapi.) Msimkaripie. Mjibuni tu, "Ahaa, hukula? Hata mimi sikula, twende jikoni." Atalisikia, na siku moja atalibadili bila kuambiwa.

Kazi hiyo huanza kabla hata hajatamka mama. Mwaka 1996 huko Marekani, watafiti Saffran, Aslin na Newport waliwasikilizisha watoto wa miezi 8 mfululizo wa silabi zisizo na maana, bila kituo, kwa dakika 2 tu. Watoto wakabaini silabi zipi huandamana na zipi zimekutana kwa bahati. Basi huyo mnayemfunga mgongoni mkipiga soga, msidhani amekaa bure.

Sasa simu. Nimeona mtoto anapewa katuni za Kiingereza ili "azoee". Mwaka 2003, mtafiti Patricia Kuhl na wenzake walichukua watoto wa miezi 9 wa Kimarekani. Wengine walichezeshwa na kusomewa Kimandarini, yaani Kichina, na mtu aliyekaa nao, mara 12. Wengine waliona hayo kwenye video. Wale wa kwanza walitofautisha sauti za lugha hiyo. Wale wa video hawakuambulia kitu.

Na huyo aliyewashauri muache Kisambaa nyumbani ati kitamchanganya mtoto, mwambieni aje huku asikilize watoto wakigombana kwa Kisambaa, kisha wakimshitakia mgeni kwa Kiswahili.

Desemba mleteni. Simu ibaki huko. Kuna mihogo ya kumenya, na mimi nina maneno mengi.

Babu yenu