Shoga, ukavu wa Dodoma umenidanganya kwenye hadubini

Dodoma, 19 Agosti

Shoga yangu,

Salamu kutoka vumbini. Mimi mzima, ila midomo imepasuka na upepo wa mwezi huu hauna adabu. Unaanika kanga saa tatu, saa nne imekakamaa kama ngozi ya ngoma. Najua wewe huko Tanga unalalamika kwamba nguo hazikauki. Hilo la nguo lishike, nitalirudia.

Yale maelekezo yako ya kutia rangi seli za ubongo kwa kingamwili, zile protini zinazonata kwenye kitu kimoja tu, niliyafuata neno kwa neno. Ubongo wenyewe ni wa kitimoto. Usikunje uso, huli, unasoma tu. Nafuatilia lava, yaani mtoto, wa tegu la nguruwe, yule anayekaa ubongoni ndani ya kifuko cheupe cha ukubwa wa njegere, nione astrosaiti, zile seli zenye umbo la nyota zinazohudumia nyuroni, zinafanya nini kandokando yake. Na usidhani hayakuhusu kwa kuwa hugusi nguruwe. Nyama isiyoiva humpa mtu tegu la tumboni. Ubongoni mdudu huyu anafika kwa mtu kumeza mayai yanayotoka na kinyesi cha mwenye tegu, kwenye maji, kwenye mboga, kwenye mikono isiyonawiwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo mengi alikoenea, asilimia 30 ya kifafa chanzo chake ni yeye.

Basi nikaanza. Vipande vya maikromita 4. Kingamwili ya kwanza ya sungura, inayoshika GFAP, ile protini iliyo ndani ya astrosaiti. Ya pili ya mbuzi, inayomshika sungura, na mgongoni imebeba enzaimu ya peroksidesi ili ukitia DAB, kemikali ya rangi, pageuke kahawia. Hata seramu ya kuzuia rangi isinate ovyo ilikuwa ya mbuzi. Mgogo na mbuzi wake, nikasema leo niko nyumbani.

Slaidi zikatoka kahawia, shoga, kahawia hasa! Nikakimbia nazo kwa msimamizi wangu. Hakuinama hata kwenye hadubini. Aliuliza tu, "Ile isiyo na kingamwili ya kwanza iko wapi?" Nilikuwa nimeitengeneza lakini sijaitazama. Tukaiweka. Hiyo ndiyo ya kulinganishia, ilitakiwa isiwe na kahawia. Nayo kahawia vilevile. Slaidi ambayo haikuonja hata tone la sungura!

Kwanza nilishuku mwinuko. Mji huu uko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96, siyo 100 za kwenu. Formalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, ikishafunga protini, ni moto ndani ya maji ya sitreti ndio unaozifungua, kwa hiyo nikasema labda moto wetu hautoshi. Nikaenda Majengo nikanunua sufuria la presha kwa hela yangu ya kodi. Vipande vikabanduka vikaelea kama vitunguu kwenye mchuzi. Na ningetulia kidogo ningejua kwamba antijeni, yaani ile protini inayotafutwa, isipofunguka rangi hufifia, haizidi. Sufuria sasa napikia makande.

Siku ya tatu ndipo nikaacha kutazama seli nikatazama kipande kizima kwa lenzi ndogo. Kahawia ilikuwa imekolea ukingoni, katikati imepauka, kama chapati iliyoungua pembeni. Ah! Kile kilikuwa kipande kilichokauka usiku. Tone likipungua kwa kukauka, kilichobaki ndani yake kinakolea, na nyama iliyokauka inanasa protini yoyote inayopita, iwe ya sungura au ya mbuzi. Maelekezo yako yanasema tone la mikrolita 100 juu ya kipande, kitambaa chenye unyevu ndani ya kisanduku, kifuniko kiegeshwe. Sikulaumu. Kwenu hewa yenyewe inafanya nusu ya kazi. Huku ukiegesha kifuniko umeanika kanga.

Sasa naweka mikrolita 300, nazungushia kipande kwa kalamu ya nta ili tone lisitambae, na natumia lile kontena nililokuwa nabebea ubwabwa. Chini natandika vitambaa vilivyolowa chepechepe, nafunika, nazungusha utepe wa gundi pande zote, ndiyo inalala frijini kwenye nyuzi 4. Kulikuwa na kosa la pili pia, dogo. Mishipa ya damu ilikuwa inawaka kahawia kwa sababu chembe nyekundu zina peroksidesi yao, na hidrojeni peroksaidi yangu ya kuizima ilikuwa imeshachacha kwa joto la kabatini. Chupa mpya, kwisha.

Jana nimeziona. Ile isiyo na kingamwili ya kwanza imebaki na buluu ya hematoksilini, rangi ya viini vya seli, peke yake, safi. Kwenye zenye kingamwili, mbali na kifuko, astrosaiti zimetawanyika kila moja na miguu yake myembamba, hii hapa, ile pale. Ukikaribia kifuko zinanenepa, zinasongamana, miguu inasukana mpaka huwezi kujua hii ya nani, na kifuko kimezungushiwa boma. Boma kabisa, kama lile la ng'ombe nyumbani. Nilikaa pale mpaka mlinzi akaja kugonga mlango.

Uliniuliza kuhusu serebelamu, ule ubongo mdogo wa nyuma, kwamba kingamwili ya NeuN, protini ya kwenye viini vya nyuroni, imekupa nyuroni ndogondogo zote lakini seli za Purkinje, zile nyuroni kubwa zenye matawi mengi, zimebaki tupu. Usirudie kazi! NeuN haizishiki seli za Purkinje, ndivyo zilivyo. Tafuta kingamwili ya kalibindini, protini iliyojaa ndani yake, kwa hiyo utaziona mpaka matawi.

Jumamosi nakutumia zabibu kwa basi, zichukue mapema kabla kondakta hajazionja. Nawe usisahau ng'onda wangu. Hata kama hawajakauka vizuri, watume tu. Watamalizia huku.

Shoga yako wa vumbini