Julai Ruaha, Februari Kitulo

Mbeya, Machi

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku, ambako mvua imeshika tangu alfajiri na nguo nilizoanika juzi bado mbichi. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Swali lako, "Tuje lini?", limeninyima raha, maana miezi ninayotamani uione nchi hii siyo miezi ya likizo ya wanao.

Wewe mtu wa Mombasa. Ukisema mvua unahesabu mbili, masika na vuli, na hesabu hiyo ni sawa kabisa kwa Tanga, Unguja, Dar es Salaam, hata Moshi na Arusha. Huku nyanda za juu kusini, na vilevile Dodoma na Songea, tuna mvua moja tu. Inaanza Novemba, inaisha Aprili au Mei mwanzoni, kisha kwa miezi mingi hatuoni hata manyunyu. Kwa hiyo Februari, Unguja kuna jua kali na kaskazi inavuma, huku sisi tunatembea na miavuli. Mtu akikutajia msimu mzuri wa kuja Tanzania, muulize kwanza anazungumzia sehemu gani.

Hilo nililijua kwa kupoteza nauli. Mwaka niliohamia Mbeya nilipata likizo Agosti, nikaamua lazima nikaone Kitulo, ile hifadhi wenyeji wanayoiita Bustani ya Mungu. Nilikuwa nimeona picha, uwanda mzima maua. Tukakodi gari, tukapanda milima, tukafika juu kwenye mita kama 2,600. Ua hata moja! Nyasi za kahawia mpaka upeo wa macho, upepo unakata masikio. Nililia, nakwambia kweli.

Nilirudi Februari. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu, tukasubiri ndani ya gari karibu saa nzima, halafu ukafunguka kidogo kidogo. Kumbe tulikuwa tumeegesha katikati ya maua. Manjano, meupe, zambarau, na okidi zinazoota ardhini, za aina kadhaa ndani ya hatua chache. Viazi vya okidi hizo vilikuwa vikichimbwa kwa magunia na kupelekwa Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda. Uchimbaji huo ni mojawapo ya sababu zilizofanya uwanda ule uwe hifadhi ya taifa mwaka 2005. Nilisimama pale na matope hadi kwenye vifundo, nikakukumbuka wewe.

Lakini watoto wako wanafunga shule Juni, na huko Muscat mnakoishi wakati huo joto linapita nyuzi 40. Basi njooni Julai, na msijute. Anzeni Unguja. Kipupwe kimeingia, usiku mnalala bila feni. Upepo ni kusi, kwa hiyo boti ya kutoka Dar itawatikisa, na pwani ya mashariki bahari inachafuka. Kwa watoto wadogo nendeni Nungwi, kule kaskazini kumekingika zaidi. Unajua kwamba kusi hiihii ndiyo ikivuka ikweta inageuka na kwenda kuwanyeshea Salalah, huko kusini mwa Oman? Mnaifuata khareef, mvua yenu ya kiangazi, hadi inakotokea.

Kisha pandeni Iringa, mwingie Hifadhi ya Ruaha. Julai ndiyo wakati wake. Vichaka vimepukutika, vijito vimekauka, na tembo wanachimba mchanga kwa miguu na mkonga mpaka wafikie maji. Shemeji anataka Serengeti, nyumbu wakivuka Mto Mara, na kweli huanza kuvuka Julai. Ila ni kaskazini kabisa, ni ghali, na magari yanabanana ukingoni. Kwa watoto wale ningechagua Ruaha bila kusita. Nyumbu hao mimi ningewafuata Februari, wanapozaa kwenye mbuga za kusini mwa Serengeti, upande wa Ndutu.

Mkishatoka Ruaha mje kwangu. Leteni masweta na soksi nzito, nasema kwa dhati, kwani usiku Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10 na watoto waliozaliwa Muscat hawajaonja kitu hicho. Kitulo sitawapeleka. Wakati huo kuna asubuhi nyasi zake zimeganda nyeupe, na sitaki hiyo iwe ndiyo picha utakayoondoka nayo.

Kitulo ni yako Februari. Shemeji abaki na watoto wiki moja tu, uje peke yako. Nimeshanunua gambuti jozi ya pili, namba 38. Niambie kama mguu wako bado ni uleule.

Wako akupendaye,
mwenzako wa chumba kimoja chuoni