Msiuze gia ya mbele ya meno 46 kwa watu wa milimani

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme na wauzaji na wanunuzi wa baiskeli za umeme zenye mota ya katikati, ile inayofungwa penye ekseli ya pedeli. Mota za kufunga kwenye baiskeli ya kawaida, mfano Bafang BBS02, mara nyingi huja na gia ya mbele ya meno 44 au 46. Kwa Tanga au Dar es Salaam hiyo inafaa. Kwa anayepanda kutoka Ipogolo kwenda Iringa mjini akiwa na gunia kwenye keria, ni kubwa mno, na mota ndiyo inayoumia.

Mota hii haigusi tairi. Inazungusha gia ya mbele, na nguvu yake inapita kwenye mnyororo sawasawa na nguvu ya miguu. Gia ikiwa kubwa, mlimani mota inazunguka taratibu huku ikivuta umeme mwingi, na sehemu kubwa ya umeme huo inaishia kuwa joto. Mwisho wake ni gia ya nailoni ya ndani kulika meno au kontrola, kifaa kinachodhibiti umeme wa mota, kuungua, kisha betri inalaumiwa bure.

Kabla ya kununua, piga hesabu. Gawanya meno ya mbele kwa meno ya gia kubwa ya nyuma, zidisha kwa mzingo wa tairi kwa mita. Unapata umbali wa mzunguko mmoja wa pedeli. Zidisha tena kwa 3.6: hiyo ni kasi yako, kwa kilomita kwa saa, pedeli zikizunguka mara 60 kwa dakika. Chini ya mizunguko hiyo mota inateseka.

Chukua tairi ya inchi 26, mzingo mita 2.1 hivi, na gia za nyuma za meno 14 hadi 28. Ukiwa na 46 mbele, kasi hiyo ni kilomita 12.4. Mlima wenye mzigo ukikushusha hadi 10, tayari umeshaikaba mota. Ukiweka 36, unashuka hadi 9.7 bila shida. Watu wanahofia kupoteza mbio, lakini 36 kwa 14 kwenye tambarare, pedeli zikizunguka mara 80, bado inakupa karibu kilomita 26 kwa saa. Kwa barabara zetu inatosha kabisa.

Tusingependa mtu akimbilie meno 30. Gia ndogo inaongeza mvuto kwenye mnyororo: kutoka 46 hadi 36 ni kama asilimia 28 zaidi, kwa hiyo mnyororo na gia ndogo za nyuma vinaisha mapema. Pima pini 25 zinazofuatana, kati ya ya kwanza na ya mwisho. Mnyororo mpya ni milimita 304.8, ukifika 307, badilisha.

Jambo jingine linalosahaulika ni mstari wa mnyororo. Gia kubwa ya mbele imebonyea, inaingia juu ya kava la mota na kukaa karibu na fremu. Chini ya meno 42 hivi haipiti hapo, inabidi ikae nje zaidi. Mnyororo ukiwa kwenye gia kubwa ya nyuma unakaa mshazari. Mlima ukiwa wa wastani, chagua 42 na uweke nyuma gia za hadi meno 34, ukihakikisha chenjia yako, ile inayohamisha mnyororo kati ya gia za nyuma, inafika. Mlima ukiwa mkali, weka 36 yenye meno mapana na membamba yanayopishana, ambayo hushika mnyororo vizuri.

Ukitoka 46 kwenda 36, mnyororo unabaki mrefu. Kata vipande 4 vya nusu inchi, si 5, kwa sababu kipande cha ndani lazima kiungane na cha nje.

Waagizaji, tunawaomba mlete 36 na 42 pamoja na hizo 46, na muuzaji amuulize mteja anapita njia gani kabla ya kumfungia.

Mafundi wa baiskeli za umeme,
Iringa