Jumuiya Jumamosi: mahali pamebadilika

Tumsifu Yesu Kristo, wanajumuiya!

Jumamosi tutasali kwa katibu, kwa mwenyekiti kuna msiba. Saa 10 kamili jioni, jamani, si ile saa 11 yetu.

1. Somo ni Luka 15:11-32, mfano wa mwana mpotevu anayerudi kwa baba yake. Someni polepole mstari wa 20: kijana bado yuko mbali, baba anamkimbilia, anamkumbatia na kumbusu kabla hajatamka neno la toba. Mzee mzima anakimbia! Hapo tutakaa zaidi.
2. Padre atakuwepo kuanzia saa 9 kwa kitubio. Mliokaa miaka bila kuungama, njooni tu.
3. Chai ni 2,000 kwa mhazini, mwisho Ijumaa.

Tafadhali andika "nipo" hapa kabla ya Alhamisi usiku, tujue idadi ya viti.