Wanadamu wa ramani yako

Ngamiani, Tanga

Sahibu yangu,

Salaam aleikum, na salamu kwa wote hapo nyumbani. Rasimu ya riwaya yako na ramani ya dunia uliyoibuni vimenifika salama, nimevisoma vyote. Majini umeyapa nasaba ya vizazi saba, mila za mazishi na lugha mbili. Wanadamu umewapa rangi ya nguo na tabia moja kila taifa: wa kaskazini wapiganaji, wa pwani wachuuzi, wa mlimani wakimya. Hapo ndipo kazi yako nzuri inapolegea, na barua hii ni ya hapo tu.

Usianze na vazi, anza na jirani. Wabondei maana yake ni watu wa bondeni, na bonde haliitwi bonde mpaka awepo mtu mlimani anayelitazama. Washambaa nao huigawa nchi kwa hali yake: Shambaai ni juu, penye ubaridi na migomba, nyika ni chini, penye jua na vichaka. Basi kila watu waandikie majina mawili, wanalojiita wenyewe na wanaloitwa na majirani. Majina hayo yakiwa sawasawa kila mahali, jua kwamba hujawakutanisha bado.

Mataifa tisa ni mengi mno. Bakisha matatu: la mlimani, la nyanda na la bandarini, kisha andika kila mmoja anamhitaji mwenzake kwa nini, iwe chumvi, nafaka au chuma. Wakutanishe sokoni, na wagombanie kipimo. Pwani yetu vibaba vinne vilikuwa pishi moja. Wape watu wa bandari pishi yao na wa mlimani kikapu chao, kisha amua nani anapunjwa na anajuaje. Ugomvi wa pishi utamwonyesha msomaji nani ni nani kuliko kurasa tatu za kueleza vilemba.

Lugha ndiyo niliyotaka tukae nayo. Umewatofautisha watu wako kwa kutia alama za ajabu katikati ya majina, na msomaji hasikii undugu wala umbali. Sisi tulio kati ya Mombasa na Unguja tunaisikia kanuni kila siku: Kimvita husema mato, ndia na kuteka, Kiunguja husema macho, njia na kucheka. Penye *ch* ya huku pana *t* ya kule, penye *nj* pana *nd*. Fanya vivyo hivyo. Andika maneno 30 ya lugha mama, yaani ile moja iliyozaa lugha zote za mataifa yako: viungo vya mwili, maji, moto, majina ya ndugu, hesabu mpaka kumi. Chagua kanuni mbili za sauti kwa kila taifa, mbili tu, uzipitishe kwenye orodha nzima bila huruma, halafu kwenye majina ya miji na ya watu. Mwisho ongeza maneno manne au matano ya kukopa, na hayo yaache nje ya kanuni, kwa sababu yameingia baadaye. Neno la kukopa hufuata aliyeleta kitu: meza tumeipata kwa Wareno, shule kwa Wajerumani, gari kwa Wahindi. Ukimweka mtu wa mlimani aite meza kwa neno la bandari, umeshaeleza karne moja ya biashara bila kusimulia.

Kosa lako la pili ni mipaka. Kila ufalme umeujaza watu wa aina moja, mpaka wa rangi ndio mpaka wa taifa. Tazama Usambara. Watawala wa Vuga, mji wa kifalme wa Washambaa, walikuwa ukoo wa Wakilindi, na masimulizi yao wenyewe yanamtaja Mbegha, mwindaji mgeni aliyetoka Unguu akawaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akagawa nyama, akafanywa mfalme. Mtawala mmoja, raia wa namna nyingi. Mfalme wao Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, warithi walipigana wao kwa wao, na Wabondei wakawainukia Wakilindi. Ubondei ukapata ukali mpya kwa sababu ya uasi, ingawa lugha yao na ya Washambaa bado zilisikilizana. Kisha Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi mwaka 1886, mstari wao ukawapasua Wadigo, wengine upande wa Kenya, wengine huku.

Jina, lugha na ardhi havisafiri pamoja. Hili ningependa ulibandike juu ya meza yako. Kuna Wazigua waliochukuliwa utumwani Somalia karne ya 19; waliotoroka wakajenga vijiji vyao msituni kando ya mto Juba, wakabaki na Kizigua. Vita vya 1991 vilipowatawanya, baadhi walirejea Tanga, wakapewa makazi Chogo, Handeni, na baadaye uraia. Ardhi ilibadilika, lugha ikadumu. Wasegeju ni kinyume: jina lipo imara, lakini wengi wao leo wanazungumza Kidigo na Kiswahili. Katika mataifa yako matatu, moja lipoteze lugha, jingine lipoteze ardhi, na uandike sababu.

Kila taifa lipe pia hadithi ya asili, na pembeni, kwa macho yako tu, andika nani anafaidika ikisimuliwa. Koo nyingi za pwani zilijiita Washirazi. Asili ya ng'ambo ilikuwa heshima, na heshima ilikuwa haki ya kutawala mji.

Kwa mhusika mkuu, jibu swali la "kwenu wapi?" mara nne. Mbondei akiwa ng'ambo ni Mtanzania, Dar es Salaam ni mtu wa Tanga, mjini Tanga ni Mbondei, Muheza atataja kijiji na ukoo. Huyo wako anajibu vilevile kwa mlinzi wa lango, kwa mkwe na kwa adui, na ndiyo maana mazungumzo yake ni makavu.

Nguo na vyakula viache mwisho, vitatoka vyenyewe kwenye ardhi na soko. Hesabu ya saa tu usiisahau: sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza, na anayeanza usiku wa manane atakosa miadi kwa saa sita.

Nitumie kwanza yale maneno 30 na kanuni zake, kabla hujagusa sura ya pili. Ramani naibakisha huku, nitaandika majina ya majirani kwa penseli.

Wako,
sahibu wa Tanga